Dume Atabaki Bashay

Mwanangu Daudi,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za maji, za dawa ya kupe, na za kumpigia simu kila Jumapili hata kama huna la kusema. Sitarudia. Kibali cha kusafirisha mifugo umekipata, lori litafika alfajiri, na mitamba umewachagua vizuri kuliko ambavyo ningewachagua mimi. Huko kusini unakokwenda sijawahi kufika, kwa hiyo siwezi kukufundisha majani yake wala mito yake. Ninalo jambo moja tu, na ni lile ambalo jana wakati wa chakula nilishindwa kukujibu.

Ulisema, "Baba, na dume nitaondoka naye." Ulisema kama mtu anayesema ataondoka na koti lake. Mama yako akafurahi, akakuongezea mboga. Mimi nikanyamaza, na katika nyumba yetu baba akinyamaza watoto huhesabu kwamba amekubali. Sikukubali. Naomba usiondoke naye. Mitamba wote unaokwenda nao ni binti zake. Ukimpakia pamoja nao utakuwa umepakia shida yetu yote ya hapa na kuipeleka mahali ambapo ungeweza kuanza bila shida hiyo. Nataka uelewe nilivyofika kusema hivi juu ya mnyama ambaye umenisikia nikimsifu tangu ulipokuwa sekondari.

Unajua kwamba hatutoki Bashay. Unalijua hilo kama watoto wanavyojua mambo ya wazazi, kwa kusikia huku wakifikiria mengine. Mimi nilizaliwa upande wa pili wa mlima Hanang, kwenye tambarare, mahali ambapo mtu akisimama mlangoni kwake aliweza kuwatazama ng'ombe wa jirani siku nzima bila kugeuza kichwa. Matrekta ya ngano yalipokuja yalilima malisho, yakalima njia za kwenda kwenye magadi, yakalima na makaburi ya wazee. Babu yako alihamisha boma, akasogezwa, akahamisha tena, mpaka akaishiwa pa kusogea. Ndipo tukapanda huku juu Mbulu, kwa watu wanaolima, watu ambao lugha yao hatukuijua na ambao walitutazama kama tunavyowatazama nyani wakikaribia mahindi.

Baba yake jirani yetu mzee Tluway ndiye aliyetupokea. Alitupa kipande cha kilima kisichofaa kwa mahindi, hiki hiki. Hakutuandikia karatasi. Alituletea ng'ombe.

Umekulia ndani ya jambo hili na sijawahi kukueleza maana yake, kwa sababu nilidhani inaonekana yenyewe. Mtu anaweka ng'ombe wake bomani mwako. Maziwa ni yako, samadi ni yako, ndama ni wake. Nawe unaweka wa kwako kwake, au kwa mwingine. Kwa mwenye ardhi huo ni ujirani mwema tu. Kwetu sisi tuliofukuzwa ulikuwa ndiyo mizizi yenyewe, maana mtu mwenye ng'ombe bomani mwako hawezi kuja kukufukuza, atakuwa anamfukuza ng'ombe wake. Babu yako alilielewa hilo upesi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Aliweka ng'ombe hapa Bashay, akaweka Endasak, akaweka kwa marafiki wa zamani waliobaki Hirbadaw. Ukame ukipiga upande mmoja, alisema, upande mwingine watabaki. Na kweli walibaki. Ndiyo maana tulisoma, ndiyo maana mama yako aliolewa kwa ng'ombe wazuri.

Lakini wote walitoka kwa jike mmoja. Alikuwa wa rangi ya majivu, na pembe zake zilipanda juu na kukaribiana kama mikono ya mtu anayetaka kupiga makofi. Aliupanda mlima pamoja nasi akiwa na mimba. Babu yako alimpenda kupita kiasi, na sasa ninapofikisha umri aliokuwa nao ninaelewa: aliondoka kule na vitu vichache, na huyo ndiye aliyekuwa hai. Akaamua kwamba dume wa kundi letu atatoka katika uzao huo tu. Dume wa rangi nyingine akizaliwa, alihasiwa kabla hajaijua kazi yake. Watu wakaanza kuutambua ukoo wetu kwa rangi ya ng'ombe kabla hawajayajua majina yetu.

Kundi lilipoingia mikononi mwangu lilikuwa zuri kulitazama na lilikuwa linazaa vibaya. Jike alizaa mwaka mmoja, akakaa miwili bila kitu. Mimi nilikuwa msomaji, unajua. Nilisoma kila kilichoandikwa kuhusu ng'ombe kilichofika Mbulu, vijitabu vya idara ya mifugo, magazeti ya zamani yaliyofungiwa chumvi, na kitabu kimoja kikubwa ambacho mwalimu aliniachia alipohamishwa. Nikaona sababu ya kwanza, na nilikuwa sahihi. Ng'ombe walikuwa na njaa. Jike aliyezaa mwanzo wa kiangazi, mbavu nje, ndama akimvuta chuchu mchana kutwa, mwili wake haufikirii mimba nyingine. Unafikiria kesho. Kwa hiyo nikapatana na majirani tuingize ng'ombe kwenye mabua baada ya mavuno. Nikaanza kuwatenga ndama mapema. Nikapunguza kukamua, na kwa hilo mama yako alininunia msimu mzima. Ng'ombe wakanenepa, joto la kutaka dume likarudi, ndama wakaongezeka. Nilitembea kifua mbele. Huo ndio wakati ulipozaliwa wewe, na pengine ndiyo maana ulinikuta nikijiamini.

Hilo uende nalo. Ng'ombe asiposhika mimba, angalia kwanza mgongo wake na mbavu zake kabla hujamtafutia mchawi au daktari.

Lakini kulibaki kitu ambacho mabua hayakukiondoa. Jike mnene, mwenye afya, anapandwa, tunafurahi. Wiki chache zinapita, anaanza tena kulialia na kuwapanda wenzake. Anapandwa tena, anarudia tena. Na baadhi ya waliozaa walizaa ndama wasioweza kusimama wenyewe. Mmoja, labda unamkumbuka, alizaliwa na taya fupi, akawa hawezi kunyonya. Wewe na dada yako mlimnywesha kwa chupa mpaka akafa, mkalia. Nilijua jina la tatizo. Lilikuwa kwenye kile kitabu kikubwa: damu moja ikizalishana na damu moja. Nikaamua kwenda kutafuta dume mgeni.

Na hapa ndipo nakuomba unisome taratibu.

Nilikwenda Hirbadaw kwa mzee Gidamis, rika langu, ambaye ng'ombe zetu na zake wamekuwa wakilala katika boma la kila mmoja wetu tangu wakati wa baba zetu. Alikuwa amekaa nje akichonga mpini. Hakuinuka.

"Umekuja kusalimia au umekuja kuhama tena?" akaniuliza. "Maana ukoo wenu ukionekana na fimbo, watu wanaficha malisho."

"Nimekuja kuomba damu, mwenzangu."

"Damu ya kunywa? Watu wa milimani nasikia siku hizi mnakunywa chai ya rangi tu."

Tulicheka, tukala, tukaingia bomani. Alikuwa na madume wawili. Mmoja alikuwa mwekundu, kichwa kizito, masikio yameliwa na kupe, alimnunua mnadani kwa watu waliokuja na kundi kutoka Singida. Wa pili alikuwa wa rangi ya majivu, nundu imelala vizuri, pembe zimepanda juu. Gidamis akaniambia chagua. Akaniambia pia, bila mimi kumuuliza, "Yule mwekundu anafanya kazi. Amenijazia ndama. Sura yake tu ndiyo hiyo, Mungu alikuwa na haraka."

Nilimpita yule mwekundu kama mtu anavyompita mtu asiyemjua. Nikasimama kwa yule wa majivu. Mwanangu, moyo wangu ulitulia nilipomwona. Nilijiambia nimechagua kwa akili: miguu imesimama sawa, mapumbu makubwa na yanayolingana, mwendo mwepesi. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini si kwa ajili ya hayo nilimchukua. Macho yangu yalimtambua, nami nikadhani yanamchagua.

Wazee wakaitwa, pombe ya asali ikamiminwa chini kidogo na nyingine ikanywewa, na dume akatolewa kwangu mbele ya watu. Dume anayetolewa hivyo hauzwi, hachinjwi, hahasiwi mpaka aliyemtoa aseme. Hilo nililijua na nilifurahi nalo. Nikatembea naye kuzunguka mlima, nikalala Endasak kwa watu tunaofahamiana, na kila nilipopita watu waliniambia, "Huyu anafanana na wa kwenu kama amezaliwa kwenu." Nikashukuru. Nilidhani wananisifu.

Wewe ulimpenda siku ile ile. Ulikuja kutoka shule, ukatupa daftari, ukamkuna chini ya shingo, naye akainua kichwa.

Ukweli niliupata kwenye harusi ya dada yako. Gidamis alikuja, akakaa nami pale kwenye uzio akiwatazama ng'ombe wakirudi, na alipomwona dume akafurahi kama mtu anayemwona mtoto wake aliyefaulu.

"Bibi yake huyu," akasema, "alikuwa ng'ombe mtulivu sana. Alifika kwangu kutoka kwa yule mzee wa Endasak alipohama. Aliniwekea. Na yeye aliwekewa na baba yako."

Nikamuuliza, "Baba yangu?"

"Sasa nani mwingine? Hukumwona rangi? Nilipokuona unampita yule mwekundu bila hata kumtazama, nikasema, huyu mwenzangu hakuja kuomba chochote kwangu. Amekuja kuchukua cha baba yake. Nikakupa kwa moyo mweupe."

Hakuwa na kosa hata chembe. Alinipa heshima kubwa kuliko niliyoomba. Nilikuwa nimetembea siku kadhaa kutafuta damu ngeni nikarudi na damu yangu, kwa sababu ng'ombe wa babu yako walikuwa wamekwenda kwa marafiki, na marafiki wakaweka kwa marafiki, mpaka popote ambapo ningekaribishwa kwa jina langu ningemkuta ng'ombe wetu amefika kabla yangu.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee Tluway. Ng'ombe wake walikuwa bomani kwangu, walikuwa wanapandwa na dume huyu, na ndama ni wake, nilipaswa kumwambia. Nilijikaza. Alinisikiliza huku anapukuchua maharage, hata hakuyaweka chini.

"Kwani hukujua?" akasema.

"Sikujua."

"Sisi tulijua siku uliyopita naye pale kanisani. Mke wangu alisema, wale wameenda kuleta ndugu wa ng'ombe zao." Akapuliza maganda. "Tulidhani ndivyo mnavyopenda. Nyinyi mna mambo yenu."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje? Mtu anatembea na dume lake amevimba hivi, na vitabu vyake nyumbani, mimi nimsimamishe njiani nimwambie nini?"

Nimecheka juu ya hayo baadaye. Siku ile sikucheka.

Utaniuliza kwa nini sikumtoa dume tangu siku ile. Nimejiuliza hivyo kila mwaka. Ningemrudisha Hirbadaw, ingekuwa kumwambia Gidamis kwamba alichonipa kwa moyo mweupe ni kibaya. Angenirudishia ng'ombe zangu walioko kwake na kudai zake walioko kwangu, na watoto wake na watoto wangu wasingesalimiana. Ningemuuza, ingekuwa hivyo hivyo, na ni vibaya zaidi. Nilijaribu njia ya pembeni. Nilimwita mtaalamu wa uhimilishaji kutoka mjini aje na mbegu za dume wa Borani; mvua ilikuwa imekata barabara, akafika wakati jike ameshatulia, tukanywa chai akarudi. Mara ya pili alifika kwa wakati, lakini dume alikuwa ametangulia. Huwezi kumfungia dume kwenye kilima ambacho mwisho wake ni uzio wa maharage ya jirani. Hapa hakuna pembeni.

Na si dume peke yake. Kuna yule jike mwekundu wa mzee Tluway, ambaye hajazaa tangu harusi ile. Ni mnene, ana afya, anakula majani ambayo mtamba mmoja angeyatumia kumbeba ndama. Kila mfugaji wa kitabuni angemuuza. Si wangu, siwezi kumuuza. Siwezi kumrudisha, maana anayerudisha ng'ombe tasa anamwambia mwenye ng'ombe kwamba hana haja tena ya urafiki usio na maziwa. Na Tluway naye hawezi kumchukua, maana atakuwa anasema mimi nimeshindwa kumtunza. Tumemtazama wote wawili miaka yote hii akipita kati yetu, tukazungumza habari za mvua. Kwa upande wao nina wa kwangu wa namna hiyo, na wao wananyamaza kwa ajili yangu.

Juzi uliniuliza kwa nini tusihame sote. Ulisema huko kuna nafasi, na hapa tumebanana kama watu kwenye mlango wa zahanati. Ni kweli. Lakini nikianza kukusanya ng'ombe zangu kutoka kwa watu, na kurudisha ng'ombe za watu, nitakuwa navunja nyumba zaidi ya kumi kwa mikono yangu, kwa utaratibu, moja baada ya nyingine, nikisema shukrani kila mlango. Nilishahamishwa na watu waliokuja na matrekta. Kujihamisha mwenyewe kwa namna hiyo siwezi. Mizizi ile ile iliyotufanya tusifukuzwe ndiyo inayonizuia kuondoka. Simlaumu babu yako. Angeshangaa sana kusikia kwamba ulinzi alioujenga umetufungia ndani.

Wewe huna ng'ombe wa mtu. Nimehakikisha hivyo, labda hukugundua. Kila aliyekuja mwaka huu akitaka kukuwekea mtamba kama zawadi ya safari, nilimwambia subiri. Mitamba unaokwenda nao ni wetu halisi, baba na mama, na hakuna mtu atakayekupigia simu kuuliza ndama wake.

Huko utakuwa mgeni, na wageni hutafuta marafiki. Wawekee watu ng'ombe, na wewe uwekewe. Sikukatazi, sisi tusingeishi bila hivyo, na wewe pia siku moja utahitaji mtu asiyeweza kukufukuza. Lakini jike tu. Dume usimpokee kutoka kwa rafiki, hata akikupa kwa machozi. Dume mnunue mnadani kwa mtu usiyemjua jina, ambaye hutamwona tena. Kabla hajaingia bomani apimwe damu, maana dume aliyezunguka kwa wengi anaweza kukuletea ugonjwa wa kutupa mimba, na ukiona majike wanatupa mimba mfululizo, hilo si la kusubiri. Mchunguze miguu na mapumbu kabla ya nundu. Mtazame akifanya kazi, si akisimama. Na binti zake wakianza kukua, muuze, hata kama bado ana nguvu, hata kama watoto wako wanamkuna shingo. Utaweza kumuuza kwa sababu hutakuwa umepewa na mtu.

Mama yako nimemweleza yote haya leo asubuhi ulipokuwa umekwenda mjini kufuata kibali. Hakukubaliana nami, na nakuandikia maneno yake kwa sababu yeye hatakuambia.

"Mwache mtoto aende na dume wake," alisema. "Anaondoka na nini cha kwenu? Lugha hajui vizuri. Tambarare hajaiona. Hata jina la babu yake analitamka kama wa Mbulu."

"Anaondoka na mitamba."

"Mitamba watazaa ndama wekundu, weusi, wa madoa. Baada ya miaka kumi mtu akipita kwake hatajua kwamba huyu ni wa kwenu."

Nikamwambia, "Watakuwa hai."

"Na wewe utabaki na nini?"

Akaondoka akaenda kuchambua mboga, na kwa namna alivyokuwa akizitupa kwenye beseni nilijua kwamba hatuzungumzi tena. Yuko sahihi katika kila alichosema. Rangi ile itaisha. Huko utakako­kuwa hakuna mtu atakayeutambua ukoo wetu kwa ng'ombe, na watoto wako watalazimika kujulikana kwa majina yao. Nimelipima jambo hilo kwa muda mrefu kuliko anavyofikiri, na bado uzito wake haujapungua.

Sasa nikuambie nililofanya.

Ninakufahamu, Daudi. Nilijua nikikuomba tu, ungesema "sawa baba," kisha alfajiri, dume akiwafuata mitamba hadi kwenye lori, na mama yako amesimama pale, ungenitazama, nami ningenyamaza tena. Nimenyamaza mara nyingi kwa ajili ya mnyama huyu. Kwa hiyo baada ya mama yako kuondoka, nilimpigia Gidamis. Nilitaka asikie kutoka kwangu kabla halijafanyika.

Tulisalimiana kwa urefu, kama kawaida, akauliza habari za magoti yangu. Nikamwambia, "Mwenzangu, yule dume uliyenipa, leo namhasi."

Aliniambia nirudie, nikarudia.

"Ana ugonjwa?"

"Hana."

"Amekukosea?"

"Hajanikosea. Daudi anataka kuondoka naye, na mitamba ni binti zake. Nikimwacha mzima ataondoka. Nikimhasi atabaki."

"Si umwambie tu mtoto asimchukue?"

"Mimi mwenyewe nilishindwa kumwacha pale kwako. Yeye atawezaje?"

Akakohoa. Nilisikia watu wake nyuma wakizungumza, na mbwa. "Kwa hiyo dume wangu atakuwa maksai," akasema. "Na maksai huko kwenu kazi yake ni nini?"

"Kulima."

"Utalima naye?"

"Nitalima naye."

"Wewe. Na jembe. Baba yako angetapika."

"Najua."

Hakuniambia ndiyo na hakuniambia hapana. Alisema atawatuma vijana wiki ijayo waje kuwachukua ng'ombe zake, na kwamba wa kwangu watakuja njia hiyo hiyo. Hakusema kwaheri. Binti wa idara ya mifugo niliyemwita akafika na koleo lake la kuhasi, tukamfunga dume mimi na kijana wa Tluway, na kazi ikaisha kabla ya chai kuchemka. Hakuna damu, hakuna kidonda. Uliporudi ukauliza kwa nini amesimama amepanua miguu, ndiyo sababu. Nilikuambia amechoka. Hilo ndilo jambo pekee nililokudanganya leo.

Utakasirika. Kasirika ukiwa ndani ya lori, una safari ndefu. Huna haja ya kunisamehe kabla ya kuondoka, wala usijilazimishe kuniaga vizuri kwa ajili ya mama yako. Nitaipata hasira yako, na nitapata na ile ya Gidamis, na ng'ombe zangu wakirudi kutoka Hirbadaw nitahitaji kuwatafutia majani ambayo hayapo. Najua nimejifungia zaidi kuliko nilivyokuwa jana. Lakini mlango wako uko wazi, na leo hii ndiyo kazi niliyoweza kuifanya.

Ukishafika, ukishawapumzisha mitamba na wakaanza kurudisha mwili, nenda mnadani. Ukimpata dume unayemfikiria, mpige picha, unitumie kwenye simu ya mama yako. Nitamtazama vizuri, nitauliza mama yake ni nani, na wewe utasema hujui. Nikikwambia huyo ni mbaya, hafanani na chochote nilichowahi kukiona, mchukue.

Baba yako,
ninayebaki Bashay na ng'ombe za watu.